Mbwa wa Ndani na Mbwa wa Nje

Kijiji ninachoishi kiko Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, sehemu ambayo wenyeji bado wanaiita Périgord ingawa serikali iliachana na jina hilo mwaka 1790. Watu hatufiki mia tatu. Duka hakuna, shule ilishafungwa, na mkahawa hufunguliwa Ijumaa jioni tu, akipatikana mtu wa kujitolea kusimama nyuma ya kaunta. Mkate unaletwa na gari. Mwoka mikate akifika kwenye kona ya kanisa hupiga honi, na kabla binadamu yeyote hajatoka nje, mbwa wa mtaa mzima wameshamwitikia.

Nilipokuja hapa kama mke wa mtu, mimi mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, nilidhani nitajulikana kwa rangi yangu, au kwa kilemba changu, au kwa Kifaransa changu cha kuchechemea. Wapi! Nilijulikana kwa mbwa. Mume wangu alikuwa na jike lake la kuwindia, jeupe lenye mabaka ya rangi ya chungwa, aina ya épagneul breton, jina lake Olive. Mume wangu ni fundi wa mapaa na alfajiri huwa ameshaondoka, kwa hiyo kazi ya kumtembeza Olive ikaniangukia mimi. Haikupita muda watu wakaanza kunisimamisha njiani: "Aa, kumbe wewe ndiye wa Olive!" Wanainama, wanamkuna masikio, wanamuuliza hali yake na alivyolala, ndipo wanainua uso kunisalimu mimi. Mtu wa pwani aliyezoea kusikia wanawake wakiitwa mama fulani hapati tabu na hilo. Ila mpaka leo wapo wanaojua Olive ana umri gani na anaogopa nini, na jina langu mimi hawalipati sawasawa.

Umri wanaujua kwa sababu ya herufi. Wafaransa wana utaratibu wao, umeanza miaka ya 1920 kwa mbwa wenye nasaba iliyoandikwa: kila mwaka una herufi yake, na mbwa wote waliozaliwa mwaka huo hupewa majina yanayoanza na herufi hiyo. Mwaka 2018 ulikuwa wa O, 2019 wa P, 2020 wa R, maana Q wameitupa pamoja na herufi nyingine tano zinazosumbua. Mwaka 2023, wa U, watu waliteseka kweli kutafuta majina. Sheria hiyo haimbani mwenye mbwa asiye na hati, lakini kijijini karibu kila mtu anaifuata. Basi ukimsikia mtu ng'ambo ya bonde anaita "Naya! Naya!" unajua huyo ni wa 2017, ameanza kuzeeka, asikimbizwe sana mlimani.

Sasa niseme nilikotoka, maana bila hilo mtashangaa kwa nini naandika habari ya mbwa kwa urefu huu.

Kwetu mbwa ni wa nje. Si kwamba anachukiwa. Baba mdogo wangu alikuwa na shamba huko njia ya Pangani na alikuwa na mbwa watatu, na ngedere walikuwa wanaliona shamba lake kwa mbali tu. Lakini mbwa hakuvuka kizingiti. Wengi wetu pwani ni Shafii, na kwa Shafii chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Juu ya hilo kuna kichaa cha mbwa, ambacho si hadithi ya kutishia watoto: nyumbani bado kinaua, na mtoto hufundishwa mapema asimsogelee mbwa asiyemjua. Huku Ufaransa kimetokomezwa kwa wanyama wa nchi kavu tangu 2001, baada ya miaka mingi ya kuwatupia mbweha chambo chenye chanjo misituni. Wazee wa hapa wanaikumbuka hofu ile, lakini vijana wakimwona mbwa asiyejulikana barabarani wanamkimbilia na mkono umenyooshwa, na mimi moyo bado unanipasuka.

Mara ya kwanza shangazi yangu kumwona Olive ilikuwa kwenye simu ya video. Tulikuwa tunazungumza habari za arusi.

"Mwanangu, hicho kilichopita nyuma yako ni kitu gani?"

"Mbwa, shangazi."

"Yumo ndani?"

"Yumo ndani, shangazi."

Akanyamaza. Kisha akashusha sauti: "Na mumeo anajua?"

Nilicheka mpaka machozi, lakini suala lenyewe ilibidi nilitafutie njia. Kuna mwenzangu kazini, mama wa Kimoroko, yeye ni Maliki, akanieleza kwamba kwa madhehebu yao mbwa aliye hai si najisi, na mate yake pia si najisi. Nilimshukuru, nikabaki na Shafii wangu. Tuna chumba kimoja cha juu ambacho Olive haingii: nina mkeka wangu humo, na nguo zangu za kuswalia. Hakuna aliyempiga wala kumfokea kuhusu chumba hicho. Alielewa mwenyewe, sijui kwa nini. Nikiwa ndani naswali yeye hulala mlangoni, miguu ya mbele ameinyoosha, kama yule mbwa wa watu wa pango katika Suratul Kahf. Nilimweleza shangazi hilo, akasema yule wa pangoni alikuwa na watu wema.

Nilidhani basi mimi ndiye pekee kijijini ninayepigana na kizingiti. Nikakuta vita hivyo viko hapa tangu zamani. Kuna mbwa wa ndani na mbwa wa nje, na kila upande una watu wake.

Wa nje ni mbwa wa wakulima na wawindaji. Wanalala kwenye banda, kwenye majani makavu, au kwenye uzio wa waya nyuma ya nyumba. Wanakula mara moja kwa siku. Wana kazi: kuchunga kondoo, kukurupusha nguruwe mwitu, kulinda ua na bata. Mkulima wa kizamani akimwona mbwa juu ya kochi anageuza uso, kama nilivyokuwa nikigeuza mimi. Wa ndani ni mbwa wa wastaafu waliohamia kutoka Paris na Bordeaux, wa Waingereza, ambao ni wengi sana Dordogne, na wa Waholanzi. Hao wana koti la mvua, wana kitanda, wana bima ya matibabu, na siku ya kuzaliwa kwao inasherehekewa. Wakikaa mgahawani, mhudumu huwaletea bakuli la maji chini ya meza kabla hajaleta orodha ya vyakula ya watu. Ni kwenye duka la mkate mjini tu ambako hawaingii. Hapo pana kulabu ukutani ya kufungia kamba.

Mgawanyo huo hata serikali iliwahi kuutoza kodi. Mwaka 1855 ilitungwa sheria ya kodi ya mbwa kwa nchi nzima, kuanzia faranga 1 hadi 10, na mbwa wakawekwa mafungu mawili: wa starehe na wa kuwindia walilipiwa zaidi, wa ulinzi walilipiwa kidogo. Kila mwenye mbwa wa starehe, bila shaka, akaapa kwamba ni mlinzi. Kodi ilishafutwa, lakini mafungu yamebaki vichwani mwa watu, ila mbwa wa kuwindia amehamia upande wa wafanyakazi.

Na mimi, mtu wa mwisho ambaye ungemtarajia, nikajikuta upande wa wakulima. Kwenye karamu ya kijiji, pale ukumbini, mama mmoja wa kutoka Paris alikuwa akieleza namna anavyompikia mbwa wake kuku na karoti, na wazee wawili waliokuwa mbele yangu wakatazamana kimya. Nilijua hasa wanachofikiri. Tukatazamana watatu. Tangu siku hiyo mmoja wao huniwekea mayai.

Kazi yangu ni kuwasaidia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwapikia, kuwawekea dawa, kuzungumza nao. Katika kazi hii unazijua nyumba kwa mbwa wake. Yupo anayelijua gari langu kwa mlio na kunipokea barabarani. Yupo ambaye lazima nimwonyeshe mikono mitupu kwanza. Ubao wa "Angalia, mbwa mkali" upo kwenye malango mengi, na nimejifunza kwamba ukiwa mpya na unang'aa mbwa huwa hayupo kabisa, na ukiwa na kutu hapo ndipo unatakiwa kubaki ndani ya gari.

Nyumba ninayoipenda kuliko zote ni ya bibi mmoja aliyepita miaka tisini. Mbwa wake anaitwa Jules, wa herufi ya J, mwaka 2014, mdogo, mweusi, sikio moja limechanika. Huwinda panya ghalani na hulala ghalani. Bibi huyu akizungumza nami anazungumza Kifaransa safi cha shule. Akimgeukia Jules, lugha inabadilika. Mwanzoni nilidhani ni mimi nisiyesikia vizuri. Kumbe ni patois, yaani Kioksitani, lugha ya zamani ya huku kusini. Amelelewa nayo. Shuleni mtoto aliyeponyokwa na neno lake alipewa kitu cha aibu akishike, kipande cha mbao au kiatu kibovu, mpaka amnase mwenzake amkabidhi. Kama kile kibao ambacho shule zetu nyingine huwavalisha watoto wakikutwa wanasema Kiswahili. Bibi aliapa wanawe wasiyapate hayo, akawalea kwa Kifaransa kitupu. Mumewe amefariki, majirani wa rika lake wamefariki. Waliobaki wa kusema nao ni kuku, na Jules.

Basi ukimfuata bibi uani asubuhi unasikia lugha nzima, si amri za "kaa" na "njoo" tu. Anamsimulia. Anamlaumu kuhusu mbweha. Anamuuliza kama mvua itanyesha. Siku moja nilirudia neno moja alilomwambia Jules, kwa lafudhi yangu ya Tanga, na Jules akasimama akanitazama mimi. Bibi alishika mlango ili asianguke kwa kicheko. Sasa ninayajua maneno kadhaa, na katika kijiji hiki ni mimi na mbwa mmoja tuliojifunza Kioksitani kutoka kwa bibi huyo.

Habari za sheria nitazipitia haraka, ingawa ndizo zinazojaza jarida la ofisi ya meya kila toleo. Kila mbwa lazima awe na chapa ya sikioni au chipu chini ya ngozi ya shingo, na chipu za hapa zina tarakimu 15 zinazoanza na 250, ambayo ni namba ya Ufaransa. Mbwa aliye zaidi ya mita 100 kutoka kwa mwenyewe, au asiyeweza kusikia sauti yake, kisheria anazurura, isipokuwa kama yuko kwenye uwindaji au analinda mifugo. Kuanzia Aprili 15 hadi Juni 30 hutakiwi kumwachia mbwa msituni nje ya njia, kwa sababu ndege wanaatamia na paa wanazaa. Mbwa anayezurura ni jukumu la meya, na sheria inataka apelekwe kizuizini na akae siku 8 za kazi akisubiri mwenyewe. Kwa vitendo, meya wetu, ambaye ni mkulima wa jozi, zile kokwa zenye ganda gumu, anamfungia kwenye stoo yake ya trekta na kumpigia simu mwenyewe, kwa sababu mbwa wote anawajua. Mwaka juzi baraza lilinunua mifuko ya kuokotea kinyesi na kuitundika karibu na ukumbi. Waliopendekeza ni watu wa mbwa wa ndani. Watu wa mbwa wa nje walicheka kikao kizima, na mifuko ikaisha kwa siku chache. Nasikia inafaa sana kuhifadhia mbegu.

Kuna pia king'ora. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana, Ufaransa nzima hupima ving'ora vya tahadhari. Cha kwetu kiko mji mdogo wa jirani. Kinapoanza, mbwa mmoja huinua pua na kulia kwa sauti ndefu, wa pili anadakia, kisha bonde lote, wa ndani na wa nje, na hata Olive ambaye kwa kawaida ni mpole anasimama jikoni na kuimba macho yamefumba. Kwa dakika hizo chache hakuna tabaka. Halafu king'ora kinakatika na kila mmoja anarudi kwenye kitanda chake au kwenye waya wake.

Uwindaji huanza Septemba na hudumu mpaka mwisho wa Februari. Kwa muda huo Jumapili si siku ya kutembea ovyo. Asubuhi utaona mabango yamesimamishwa pembeni mwa barabara kutangaza kwamba msako unaendelea, na wanaume waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa inayowaka wamesimama umbali fulani mmoja kutoka kwa mwingine, bunduki zimeelekezwa chini. Msituni kuna kundi la mbwa wenye masikio marefu, sauti zao nzito, wanamfuata nguruwe mwitu kwa harufu. Mwenye mbwa anatambua kila sauti. Atakuambia huyu ameshapata harufu, yule anadanganya, huyu wa tatu amemwona mnyama kwa macho. "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia," wanasema wazee wetu, na hapa ningeweza kuwaonyesha mbwa na msasi wake mmoja mmoja.

Mnisamehe, lakini siwezi kuupamba uwindaji huu kupita kiasi. Mwaka 2020, katika mkoa wa Lot ulio jirani, kijana aliyekuwa akipasua kuni karibu na nyumba yake aliuawa na mwindaji aliyemdhania nguruwe. Tangu hapo mimi na Olive tunatembea tumevaa rangi ya chungwa wote wawili, na njia ya msituni siku ya msako siigusi. Wawindaji wenyewe hawapendi kulizungumza. Wastaafu hawaachi kulizungumza. Wote wanakutana Jumatatu kwenye gari la mkate.

Novemba moja mbwa wa kundi alipotea akaingia uani kwetu. Dume kubwa, jeupe lenye madoa ya buluu ya kuungua, kola ina antena fupi ya kifaa cha kufuatilia na namba ya simu imeandikwa kwa rangi. Masikio yalikuwa yamechanwa na miiba, kifua kina kovu refu la pembe ya nguruwe lililoshonwa vibaya. Nilimpigia simu mwenye namba. Wakati tunamsubiri nilimwekea maji, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha nikafungua mlango wa jikoni. Hakuingia. Alikuja mpaka kizingitini, akanusa joto la jiko, akatazama sakafu kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake, akarudi kulala kwenye mvua. Olive alikuwa kavu pembeni ya jiko, akimwangalia. Sijui nani alimwonea mwenzake huruma.

Mwenyewe alikuja na gari dogo jeupe lenye vizimba nyuma. Kesho yake akaniletea paja la nguruwe mwitu limefungwa kwenye karatasi, zawadi kubwa kwa watu wa hapa. Nikamwambia silili, dini yangu. Akafikiri. "Na mbwa huyo wa jikoni, dini inasemaje?" Nikamwambia hiyo ni habari ndefu. Akaondoka na paja lake, akarudi na kapu la jozi.

Olive mwenyewe ni mbwa wa kuwinda ndege mmoja tu wa maana, bécasse, ndege wa msituni mwenye mdomo mrefu na rangi ya majani yaliyooza. Huwezi kumwona hata akiwa miguuni pako. Kila mwindaji anaruhusiwa 30 kwa msimu, anaandika kila mmoja kwenye kijitabu, na mwisho ni Februari 20. Niliwahi kwenda nao mara moja, nikiwa sina bunduki wala nia. Mume wangu humvika Olive kengele ndogo ya shaba shingoni. Anapokimbia chini ya vichaka humwoni, unaisikia tu kengele: hapa, pale, nyuma ya mchongoma, kule bondeni. Unatembea ukifuata sauti hiyo. Kisha inanyamaza. Ukimya huo ndio habari yenyewe. Maana yake Olive amesimama, mguu mmoja juu, pua imeelekea kwa ndege, na hatatikisika mpaka bwana wake afike. Mume wangu, ambaye nyumbani huangusha kila anachoshika, alipita kwenye yale matawi makavu bila kuvunja hata kimoja. Ndege aliruka upande mwingine wa mti, risasi haikufyatuliwa, na Olive akatutazama wote wawili kwa dharau ambayo sikuijua kama mbwa anayo.

Saa nne usiku wa siku hiyo alikuwa amelala chali mbele ya jiko la kuni. Olive amevuka ule mpaka wa ndani na nje bila kumwomba mtu ruhusa. Asubuhi ni mfanyakazi, jioni ni mwanamke wa mjini.

Kuna kazi moja ambayo imewaingiza ndani hata mbwa wa wakulima sugu, nayo ni truffe, ule uyoga mweusi unaokua chini ya ardhi kwenye mizizi ya mialoni. Soko lake liko Sainte-Alvère kila Jumatatu asubuhi wakati wa baridi, na Sarlat siku za Jumamosi, na bei ya kilo moja ya uyoga mzuri huzidi mshahara wangu wa wiki. Zamani waliutafuta kwa nguruwe. Nguruwe ana pua kali, lakini ana kilo zake, na akiupata anaula. Mbwa anaridhika na kipande cha jibini. Jirani yangu ana mbwa koko wa kijivu asiye na nasaba yoyote. Alikubali tumfuate siku moja, baada ya kuzunguka njia tatu ili nisijue tulikopita. Chini ya mwaloni wenye truffe nyasi hufa, pana duara la ardhi tupu. Mbwa aliingia kwenye duara hilo kichwa chini, akaenda, akarudi, akakwangua mara mbili tu kwa kucha akakaa. Jirani alipiga magoti, akachukua udongo wa pale akaupeleka puani, akachimba polepole kwa kijiti cha chuma. Kikatoka kitu kama kaa la mkaa, saizi ya yai, chenye harufu ambayo ilibaki kwenye gari langu kwa siku nyingi. Mbwa huyo analala chumbani kwa jirani yangu, mlango umefungwa kwa ufunguo, kwa sababu mbwa wa truffe huibiwa. Mkewe anasema yeye mwenyewe hajawahi kufungiwa kwa ufunguo.

Kiangazi kinageuza kila kitu. Nyumba za likizo zinafunguliwa, malalamiko nayo yanafunguliwa: jogoo, kengele ya kanisa, mbwa wa fulani. Kesi maarufu ilikuwa ya jogoo Maurice wa kisiwa cha Oléron, aliyeshtakiwa na majirani wa likizo kwa kuwika, na mahakama ya Rochefort ikampa yeye ushindi mwaka 2019. Januari 2021 Bunge likapitisha sheria ya kutambua sauti na harufu za vijijini kuwa sehemu ya urithi. Wakulima wetu walisherehekea. Mbwa anayebweka usiku kucha bado ni kosa, lakini sasa meya ana la kujibu anapopigiwa simu saa kumi na moja alfajiri.

Kwa mbwa wenyewe kiangazi ni wakati mbaya. Kuna kupe, ambao huku hubeba ugonjwa wa damu unaomfanya mbwa akojoe rangi ya kahawa, na kuna mbegu za nyasi kavu zenye ncha kama mshale. Mbegu hiyo ikiingia kati ya vidole hairudi nyuma, inazidi kuchimba tu. Kila jioni ya Juni na Julai nakaa kizingitini na kibano, Olive amenipa mguu mmoja baada ya mwingine, natafuta. Baadaye naosha mikono inavyopaswa, udongo ukiwamo. Bustanini udongo upo tele.

Na Julai ndipo wanapotupwa. Watu wanakwenda likizo, mbwa hana pa kuwekwa, anafunguliwa mlango wa gari kwenye barabara ya mashambani. Kifungo chake kinafika miaka 3 na faini euro 45,000, na bado wanatupwa. Waliotupwa kwetu mimi nimewaona wakiwa na kitanda chao kando yao, na mdoli. Wote walikuwa mbwa wa ndani. Sijawahi kuona mkulima akimtupa mbwa wa nje, na hilo nalisema hadharani kila mama wa kuku na karoti anaponisikitikia Jules kwa kulala ghalani.

Jules mwenyewe ndiye aliyezua kikao majira ya baridi yaliyopita. Bibi alianguka bafuni. Wanawe walikuja kutoka Toulouse na Limoges, wakakaa mezani, wakasema wakati umefika wa kwenda kwenye makao ya wazee. Bibi akasema bila Jules haendi. Walikuwa wamejiandaa: sheria ya Aprili 2024 inamruhusu mzee kuhamia na mnyama wake, maadamu anaweza kumtunza na baraza la makao halijapinga. Mkurugenzi wa makao alikuja mwenyewe kumweleza, mama mwema, ana picha za chumba kwenye simu. Chumba kizuri, ghorofa ya pili, kina zulia na dirisha pana. Jules angewekewa kapu lake pale karibu na radieta.

Bibi alizitazama picha moja moja, ameivaa miwani. Nilikuwa namenya viazi, nikajifanya sisikii.

"Ghala liko wapi?" akauliza.

"Ghala hakuna, bibi. Atalala na wewe ndani."

Akamgeukia Jules, aliyekuwa amekaa nje ya mlango wazi kama kawaida yake, akamweleza jambo refu kwa lugha yao. Wanawe hawakuelewa hata neno. Mimi nilidaka mawili: mlango, na mwenda wazimu.

Wamemwekea vishikio vya chuma bafuni, na mimi nimeongezewa saa za kazi, asubuhi na jioni. Jioni nahesabu kuku, nafunga banda, na ghala naliacha wazi kidogo kwa chini, upana wa mbwa mmoja.